Kusaidia, Kujua na Kuridhia: Isamu Kaneko na Kesi ya Programu ya Winny nchini Japani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na kazi ya Isamu Kaneko (1970–2013), mhandisi wa Kijapani aliyebuni Winny, programu ya kushirikishana faili baina ya kompyuta na kompyuta bila kupitia seva ya kati. Kaneko alikamatwa mwaka 2004 kwa tuhuma za kuwasaidia watumiaji kuvunja sheria ya hakimiliki. Alitiwa hatiani mwaka 2006, akaachiwa huru katika rufani mwaka 2009, na Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2011. Makala yanaonyesha kwamba mahakama zilikubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu teknolojia yenyewe, lakini zikatofautiana kuhusu maana ya maneno machache: kusaidia, kujua, kuridhia na kukusudia. Yanahitimisha kwa kudai kwamba maneno hayo yanahitaji kutenganishwa kwa uangalifu katika sheria za Afrika Mashariki, hasa pale sheria hizo zinapoandikwa kwa Kiswahili.

1. Utangulizi

Kitenzi "shiriki" katika Kiswahili kina sura mbili. Mtu hushiriki mlo, mkutano au maarifa na wenzake, na jamii humsifu kwa hilo. Mtu huyohuyo akishiriki wizi, neno lilelile humpeleka mahakamani. Tofauti ya sura hizo haimo ndani ya kitenzi; imo katika jambo linaloshirikiwa na katika nia ya anayeshiriki. Historia ya programu za kushirikishana faili ni historia ya utata huo. Teknolojia iliyoziwezesha kompyuta za watu wa kawaida kupeana faili moja kwa moja ilizisambaza kazi halali na nakala za wizi kwa njia ileile na kwa kasi ileile.

Wengi wa waasisi wa teknolojia hiyo wanajulikana kwa mafanikio yao au kwa madai ya fidia waliyokabiliana nayo. Kaneko anajulikana kwa sababu nyingine: yeye alishtakiwa kwa jinai, kwa kosa lililotokana na kuandika programu na kuitoa bure. Kesi yake ilidumu zaidi ya miaka saba, naye alifariki muda mfupi baada ya kuishinda. Sehemu zinazofuata zinaeleza jinsi alivyofikia kuibuni Winny, jinsi alivyoshtakiwa, kilichotokea wakati kesi ikiendelea, na vipimo vilivyotumiwa na mahakama tatu.

2. Kutoka Tochigi hadi Tokyo

Isamu Kaneko alizaliwa Julai 1970 katika mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Alikuwa wa kizazi cha Wajapani waliojifunza kuandika programu wakingali watoto, wakati kompyuta ndogo za nyumbani zilipoanza kuuzwa madukani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Ibaraki, ambako alipata shahada ya uzamivu katika uhandisi mwaka 1999. Baadaye alifanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Nishati ya Atomiki ya Japani. Mwaka 2002 alijiunga na Chuo Kikuu cha Tokyo akiwa mtafiti msaidizi katika programu ya kuwaandaa wabunifu wa programu za kompyuta.

Kabla ya Winny, Kaneko alikuwa amezoea kuandika programu na kuzitoa bure kwa yeyote aliyezitaka. Mojawapo ni NekoFight, mchezo wa mapigano ambamo miili ya wapiganaji iliendeshwa kwa kukokotoa kanuni za fizikia. Mazoea hayo yana umuhimu katika kuielewa kesi yake. Kwa Kaneko, kuitoa programu kwa umma ilikuwa hatua ya kawaida ya utafiti. Mtunzi hutoa toleo la majaribio, watumiaji hueleza kasoro walizoziona, naye hurekebisha na kutoa toleo jingine. Waendesha mashtaka waliiona hatua hiyohiyo kuwa ndiyo tendo la kusaidia kosa.

3. Mtandao usio na kitovu

Winny haikuzuka katika ombwe. Mwaka 1999 Shawn Fanning, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, alianzisha Napster. Faili za muziki zilisafiri baina ya kompyuta za watumiaji, lakini orodha ya nani ana faili gani ilihifadhiwa katika seva za kampuni. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake wa kisheria: wenye hakimiliki walipoishtaki kampuni hiyo, kulikuwa na mahali pa kufunga, na mwaka 2001 pakafungwa. Mwaka 2000 Justin Frankel na Tom Pepper walitoa Gnutella, ambayo haikuhitaji orodha ya kati. Mwaka huohuo Ian Clarke, aliyekuwa amesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, alitoa Freenet. Lengo lake lilikuwa kumwezesha mtu kuchapisha na kusoma maandishi bila kutambulika na bila kuzuiwa. Mwaka 2001 Bram Cohen alitoa BitTorrent, ambayo hugawa faili kubwa vipande vipande ili kila anayepokea aanze pia kutoa.

Nchini Japani programu iliyotumiwa zaidi wakati huo ilikuwa WinMX. Novemba 2001 polisi waliwakamata baadhi ya watumiaji wake, na mjadala kuhusu usiri wa mtumiaji ukapamba moto. Tarehe 1 Aprili 2002, mtu asiyejitaja jina aliandika katika 2channel, jukwaa kubwa la mazungumzo ya Wajapani mtandaoni, kwamba angejaribu kuandika programu inayofuata mkondo wa Freenet. Ujumbe wake ulikuwa wa 47 katika mfululizo ule, na tangu hapo akaitwa "Bwana 47". Toleo la kwanza la majaribio lilitoka tarehe 6 Mei 2002. Jina lake lilikuwa mchezo wa herufi: katika alfabeti ya Kirumi, N huifuata M na Y huifuata X, hivyo WinMX ikawa WinNY.

Kiufundi, Winny ilijibu tatizo ambalo Freenet haikuwa imelitatua vizuri, yaani kuunganisha usiri na kasi. Kaneko alitenganisha faili na "ufunguo" wake, yaani maelezo mafupi yanayotaja jina la faili na mahali inapopatikana. Funguo hizo nyepesi zilienea haraka mtandaoni, huku faili zenyewe zikihama pale tu zilipohitajika. Kompyuta zenye muunganisho wa kasi ziliwekwa upande wa juu wa mkondo, na zile za polepole upande wa chini. Kompyuta za watumiaji wenye maneno ya utafutaji yanayofanana zilivutwa karibu karibu. Faili iliweza kupitia kompyuta ya mtu wa tatu, ikahifadhiwa humo kwa mfumo wa siri, kiasi kwamba aliyepokea hakujua kwa hakika ni nani aliyeitoa kwanza. Mwaka 2005 Kaneko aliueleza mfumo huo katika kitabu kuhusu teknolojia ya Winny, wakati kesi yake ikiwa bado mahakamani.

4. Kukamatwa

Novemba 2003 polisi wa mkoa wa Kyoto waliwakamata watumiaji wawili wa Winny, mmoja mwenye umri wa miaka 19 na mwingine miaka 41, kwa kusambaza michezo ya kompyuta na filamu bila idhini ya wenye haki. Wote wawili walitiwa hatiani. Wakati wa kuwakamata, polisi waliipekua pia nyumba ya Kaneko, naye akasitisha uendelezaji wa programu. Tarehe 10 Mei 2004, akiwa na umri wa miaka 33, alikamatwa yeye mwenyewe. Shtaka lilikuwa kwamba, kwa kuweka matoleo ya Winny katika tovuti yake mwezi Septemba 2003, aliwasaidia watu hao wawili kutenda kosa. Kaneko hakuwafahamu.

Upande wa mashtaka ulikuwa na hoja isiyopaswa kubezwa. Kaneko alijua kwamba watu wengi waliitumia Winny kupata muziki na filamu bila malipo, na polisi nao walikuwa wameanza kukamata watumiaji wa programu za namna hiyo. Aidha, yeye mwenyewe alikuwa ameandika mtandaoni kwamba programu za kushirikishana faili kwa siri zingeilazimisha jamii kuifikiria upya dhana ya hakimiliki. Waendesha mashtaka waliyasoma maneno hayo kama tamko la nia. Utetezi, ulioongozwa na wakili Toshimitsu Dan wa Osaka, uliyasoma kama utabiri wa mhandisi, na ukaonyesha kwamba Kaneko alikuwa amewaonya watumiaji wasibadilishane faili haramu, na kwamba alikuwa amependekeza mfumo wa kuwalipa wabunifu kwa njia ya kidijitali. Maelezo ya maandishi aliyoyatoa kwa polisi nayo yalibishaniwa. Kaneko alidai kwamba maneno yaliyomtia hatiani humo aliyanakili kutoka katika maandishi aliyopewa. Hivyo basi, tangu siku za mwanzo, ushahidi mkuu wa kesi ulikuwa matini, na swali kuu lilikuwa namna ya kuzifasiri.

Umma nao ulijigawa. Wengine waliona amewafungulia wezi mlango. Wengine walimchangia gharama za utetezi zaidi ya yen milioni 10.

5. Programu iliyoachwa bila fundi

Katika mjadala wa hadharani, mfano uliotumiwa mara nyingi ulikuwa wa kisu: je, mhunzi akamatwe kwa sababu mnunuzi amemjeruhi mtu? Mfano huo una nguvu, lakini una pengo. Kisu kikishauzwa, mhunzi hana namna ya kukifikia tena. Programu ya kompyuta hubaki mikononi mwa mtunzi wake kwa maana moja muhimu: yeye ndiye anayeweza kuirekebisha. Kaneko alikuwa ametoa matoleo mengi ya Winny baada ya lile la kwanza. Kila toleo liliboresha programu, na kwa mtazamo wa mashtaka kila toleo lilikuwa msaada mwingine kwa wahalifu.

Athari za mtazamo huo zilionekana upesi. Virusi vya aina ya Antinny vilisambaa kupitia Winny. Vilichukua faili binafsi kutoka katika kompyuta zilizoambukizwa na kuzimwaga mtandaoni, ambako hazikuweza kukusanywa tena. Machi 2004, kabla ya Kaneko kukamatwa, nyaraka za upelelezi za polisi wa Kyoto zenyewe zilivuja kutoka katika kompyuta ya afisa aliyekuwa akiitumia programu hiyo. Taarifa za Kikosi cha Kujihami cha Baharini zilivuja pia. Machi 2006 Shinzo Abe, wakati huo Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, aliwaomba wananchi hadharani waache kuitumia Winny.

Mtu aliyeifahamu programu hiyo kuliko wote hakuweza kuigusa. Kaneko alieleza kwamba kulikuwa na njia za kuirekebisha ili kupunguza madhara hayo, lakini kutoa toleo jipya kungeweza kuhesabiwa kuwa ni kurudia kosa aliloshtakiwa. Basi programu ikaendelea kutumiwa na watu wengi, kasoro zake zikajulikana, na fundi wake akabaki kizimbani. Sheria iliyokusudiwa kuwalinda watunzi wa muziki na filamu ikawa, bila kutarajiwa, kizuizi cha kuwalinda watu ambao siri zao zilikuwa zikivuja.

6. Mahakama tatu, vipimo vitatu

Tarehe 13 Desemba 2006 Mahakama ya Wilaya ya Kyoto ilimtia Kaneko hatiani na kumtoza faini ya yen milioni 1.5. Waendesha mashtaka walikuwa wameomba kifungo cha mwaka mmoja. Mahakama ilikiri kwamba teknolojia ya Winny ilikuwa na manufaa na kwamba yenyewe haikuegemea wema wala ubaya. Hata hivyo, iliona kwamba Kaneko alifahamu jinsi programu ilivyokuwa ikitumiwa kuvunja hakimiliki, na akaendelea kuitoa. Kipimo chake kilielemea katika kujua. Pande zote mbili zilikata rufani.

Tarehe 8 Oktoba 2009 Mahakama Kuu ya Osaka, inayosikiliza rufani, ilimwachia huru. Kwa mujibu wa mahakama hiyo, haikutosha kwamba mtoaji wa programu alitambua uwezekano wa baadhi ya watu kuitumia vibaya. Ilipaswa kuthibitishwa kwamba aliitoa huku akiwahimiza watu waitumie kwa kosa hilo. Kipimo hicho kilielemea katika kuhimiza, na kilikaribia kile kilichotumiwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2005 katika shauri la kampuni ya Grokster, ingawa shauri hilo lilikuwa la madai na si la jinai.

Mahakama ya Juu ya Japani ilitoa uamuzi wake tarehe 19 Desemba 2011. Ilikataa rufani ya waendesha mashtaka, lakini haikukubali kipimo cha Osaka. Badala yake iliweka kipimo cha kati. Mtoaji wa programu yenye matumizi halali na haramu huwa amesaidia kosa iwapo alifahamu kosa mahususi lililokuwa karibu kutendwa. Huwa amesaidia pia iwapo kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba watu wasiokuwa wachache tu wangeitumia kwa kosa, naye akalitambua na kuliridhia hilo. Mahakama ilikubali kwamba, kwa hali halisi ya matumizi ya Winny, uwezekano huo mkubwa ulikuwapo. Lakini haikuridhika kwamba Kaneko alikuwa ameutambua kwa kiwango hicho na kuuridhia, hasa kwa kuwa alikuwa amewaonya watumiaji. Iligusia pia hatari ya kuwatia woga kupita kiasi wabunifu wa programu. Majaji wanne kati ya watano waliafiki; mmoja aliona kwamba Kaneko alikuwa ametambua na kuridhia.

Majaji hao walikuwa na programu ileile, maandishi yaleyale na maonyo yaleyale mbele yao. Kilichotenganisha hatia na kutokuwa na hatia kilikuwa umbali kati ya kutambua na kuridhia.

7. Maana yake kwa sheria za Afrika Mashariki

Umbali huo unazihusu moja kwa moja nchi za Afrika Mashariki. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya vimerithiwa kutoka mfumo mmoja wa enzi ya utawala wa Kiingereza, na Uganda ina kifungu cha aina hiyohiyo. Vifungu hivyo vinasema kwamba anayesaidia kosa huhesabiwa kuwa ameshiriki kulitenda, na anaweza kushtakiwa kana kwamba amelitenda mwenyewe. Sheria ya Japani ni nyepesi zaidi katika jambo hili, kwa kuwa adhabu ya msaidizi hupunguzwa ikilinganishwa na ya mtendaji. Kwa maneno mengine, mtu wa aina ya Kaneko angekuwa katika hatari kubwa zaidi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kuliko Kyoto.

Zaidi ya hayo, vifungu hivyo vina aya mbili zinazokaribiana. Moja humtaja anayetenda jambo kwa kusudi la kumwezesha mwingine kutenda kosa. Nyingine humtaja anayesaidia au kuchochea, bila kutaja kusudi. Pengo kati ya aya hizo ndilo pengo ambalo mahakama za Japani zilitumia miaka saba kulipima.

Swali hilo lina uzito wa pekee nchini Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kiswahili hakikosi maneno ya kutofautisha hali za nafsi: kujua, kutambua, kutarajia, kuridhia, kukusudia, kudhamiria. Tatizo ni kwamba maneno hayo hutumiwa kwa kubadilishana katika maandishi ya kawaida, na baadhi yake yana maana nyingine rasmi. "Kuridhia", kwa mfano, hutumiwa kwa tendo la bunge la kuidhinisha mkataba wa kimataifa, tendo la hiari na la wazi. Mfasiri wa sheria akilitumia neno hilohilo kwa mtu anayeona madhara yanakuja na kuyaacha yaje, msomaji anaweza kuelewa idhini ya wazi mahali ambapo sheria ilikusudia ukimya. "Kusudi" nalo hutaja lengo, lakini "makusudi" hutumiwa pia kwa jambo lolote lisilotokea kwa bahati mbaya. Mwandishi wa sheria asipoweka mipaka hiyo, mipaka itawekwa na kesi, na gharama italipwa na mshtakiwa wa kwanza.

Watunga sera wanaweza kuchukua hatua tatu. Kwanza, kufafanua katika sheria yenyewe hali ya nafsi inayohitajika kwa mtoaji wa zana yenye matumizi halali na haramu. Pili, kutamka kwamba kurekebisha kasoro za usalama katika programu hakuhesabiwi kuwa ni kusaidia kosa. Tatu, kuwashirikisha wanaisimu katika kamati za kufasiri sheria tangu hatua ya kuchagua istilahi, badala ya kuwaita wakati wa kusahihisha tahajia. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayompokonya msanii haki yake. Japani yenyewe iliendelea kuwashtaki waliosambaza nakala haramu, na tangu 2012 iliweka adhabu ya jinai hata kwa wanaopakua kwa kujua muziki na filamu zilizowekwa mtandaoni kinyume cha sheria.

8. Hitimisho

Baada ya kuachiwa huru, Kaneko alirejea katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Wakati kesi ikiendelea alikuwa amesaidia kuunda SkeedCast, mfumo wa kibiashara uliotumia maarifa yaleyale kusambaza kazi kwa idhini ya wenye haki. Alifariki tarehe 6 Julai 2013 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 42, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya uamuzi wa mwisho. Mwaka 2023 filamu iliyopewa jina la programu yake ilionyeshwa katika kumbi za sinema za Japani.

Wakati Kaneko akihudhuria mahakama, wengine walizigeuza njia za aina hiyo kuwa huduma za kila siku. Skype, iliyotolewa mwaka 2003, iliziunganisha kompyuta za watumiaji wenyewe kubeba sauti za mazungumzo, na BitTorrent ikawa njia halali ya kusambaza mfumo wa Linux. Haiwezekani kupima ni kiasi gani Kaneko angechangia katika hayo. Kinachopimika ni muda: siku aliyokamatwa alikuwa na miaka tisa tu ya kuishi, na zaidi ya saba kati ya hiyo ilipita sheria ikitafuta maana ya neno moja.